Chandarua Kwenye Mrunda

Mrunda ule ulitutisha kwa siku tatu tu. Siku ya nne shangazi akafunga hapo kamba ya chandarua chake. Siku ya tano zikatundikwa kanga mbichi, maana nje kulikuwa na mvua, na wiki haikuisha kabla watoto hawajaanza kuuzunguka mbio kama wanavyouzunguka mwembe wa uani. Lilikuwa gogo la mkaratusi lenye unene wa paja, limesimamishwa katikati ya chumba ili libebe paa lililokuwa likibebwa na nguzo mbili ambazo fundi alizikata. Chini yake aliweka kipande cha ubao, akagongomea kabari mbili kati ya ubao na mti, akajipangusa mikono. "Huu ni wa wiki mbili," alisema. Ulikaa siku 41.

Nayaandika haya kwa kuwa nikipita leo kutoka Horohoro hadi Duga, na kutoka Duga hadi Ngamiani mjini Tanga, naona mirunda kama ule kwenye nyumba zenye watu. Naona pazia limefungwa penye ukuta uliobomolewa, na nyuma ya pazia nasikia sufuria. Kila mara natamani kuingia niwatoe. Lakini mtu haingii nyumba ya watu kuwatoa wenyewe. Basi nasimulia.

Nyumba yetu iko Horohoro, nyuma kidogo ya barabara kuu, mahali ambapo usiku ukitulia unasikia malori yakinguruma yakisubiri kuvuka kwenda Lunga Lunga. Babu aliijenga kabla ya Uhuru. Yeye kwao ni Moa, kwa hiyo aliijenga kama wanavyojenga watu wa pwani: nguzo zimechimbiwa ardhini, fito zimefungwa kwa kamba ndani na nje ya nguzo, katikati pamejazwa udongo mwekundu na mawe ya matumbawe, kisha ukuta mzima ukapigwa chokaa. Mbele baraza, katikati ukumbi unaokata nyumba hadi uani, vyumba huku na huku. Paa lilikuwa la makuti, nalo lilishuka chini sana, kiasi kwamba mtu mrefu akija kubisha hodi alilazimika kuinama kwanza. Utotoni tulidhani babu alikosea vipimo.

Hakukosea. Katika nyumba ya namna hii udongo haubebi chochote, ni nguo tu. Zinazobeba ni nguzo: zinashika mtambaapanya, mtambaapanya unashika makombamoyo, makombamoyo yanashika paa. Nguzo ikikaa na maji mguuni inaoza, na ikioza kidogo tu mchwa wameshafika. Babu alilishusha paa ili mvua iangukie mbali na miguu ya nguzo. Chokaa nayo ilikuwa na kazi yake. Ukuta wa udongo hunywa unyevu kutoka ardhini kila masika, na jua likirudi hauna budi kuutoa. Chokaa inauacha utoke, kama ngozi inavyotoa jasho.

Sisi wajukuu tulianza kuiharibu kwa mapenzi. Makuti yalikuwa yakichakaa, ya kununua yamepanda bei, na siku hizi ukiita msaragambo wa kuezeka wanakuja wazee wawili na watoto. Tukaweka bati. Ili mabati yatoshe, tukaukata upenu ukabaki kama kiganja. Hapo hapakuwa na mtu wa kutukataza, wala tusingemsikiliza. Mwaka 2017 tukabandua chokaa yote tukapiga plasta ya saruji. Tanga ni nchi ya saruji, kiwanda kiko Pongwe, mfuko unaupata kila duka, na chokaa ya kuchoma hakuna tena anayekuuzia njiani. Ukuta ulinyooka, ukapakwa rangi, wapita njia wakatusifu.

Lakini saruji ni ngumu na udongo ni laini. Udongo unavimba kwa mvua na kusinyaa kwa jua, saruji haimfuati mwenzake, basi inapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Maji yanaingia kwa unywele huo, na yakishaingia hayana njia ya kutoka. Kwa miaka miwili nyumba ya babu ililoa kwa ndani huku nje iking'aa.

Ndipo likaja suala la fremu.

Wenyeji wa Horohoro wanajua lilivyokuja. Tangu lami ya kutoka Tanga hadi mpakani, zaidi ya kilomita 60, ilipojengwa kwa fedha za Marekani, na tangu kituo cha pamoja cha forodha kilipoanza kazi, kila anayemiliki kipande cha ukuta kinachotazama njia ana ndoto ya kukifanya duka. Madereva wanalala, mawakala wa forodha wanataka ofisi, wenye kubadili fedha wanataka dirisha. Ndugu yangu mdogo alipiga hesabu barazani: tukiondoa ukuta kati ya vyumba viwili vya mbele na kufungua milango miwili njiani, tunapata fremu mbili, na kodi yake itamtunza shangazi hadi mwisho wa maisha yake. Lilikuwa wazo jema, na leo bado naliona jema. Kibali cha halmashauri hatukuomba. Tulijiambia ni ukarabati tu, si ujenzi.

Jirani mmoja alikuja mwenyewe kutupa chumba. "Shangazi," alimwambia, "njoo ulale kwangu mpaka wamalize, vumbi litakuua." Shangazi akacheka. "Nihamie kwa watu na nyumba yangu ipo? Na saruji italindwa na nani?" Hilo la saruji halikuwa la mzaha. Nondo na mabati mpakani havilali nje usiku mmoja vikaamka vyote.

Mimi nilikuwa Tanga mjini, kazi yangu ilikuwa kutuma fedha. Nilipopigiwa simu kwamba shangazi amekataa kuhama, nilifurahi. Nalikiri hili kwa sababu ndilo shina la habari nzima. Chumba cha kupanga mpakani ni ghali kwa ajili ya madereva, na kumpangishia kingekula fedha ya mifuko kadhaa ya saruji. Kukataa kwake kulinisaidia, nikakuita ushupavu wa wazee, nikausifu. Wangapi wetu tunaosema "mama hataki kutoka" tumemwambia mama atoke kwa sauti ya mtu anayetaka kutiiwa?

Kazi ilianza mwishoni mwa Septemba 2019. Fundi alikuwa kijana mwenye bidii, mzoefu wa nyumba za matofali, na nyumba ya matofali ina kanuni zake: ukuta unabeba, na ukuta wa ndani mara nyingi ni wa kugawa tu. Aliuona ukuta wetu wa kati kama wa kugawa. Akaubomoa siku moja, akakuta nguzo mbili, akazikata kwa msumeno, akasimamisha mrunda mahali pa zote mbili. Kisha akachimba mtaro wa msingi mpya mbele, urefu wote wa nyumba, mguuni kabisa mwa ukuta wa zamani, ili aje kupanda na matofali. Nguzo za mbele zikawa wazi, unaona mahali zinapoingia ardhini, nyeusi, zimelegea kama muwa uliooza. Hapo fedha ikakata. Mshahara wangu ulichelewa, nikasema subirini, fundi akapata kazi Maramba akaenda zake.

Nikafika Jumamosi moja ya Oktoba kuangalia. Barazani alikuwa ameketi mzee mmoja wa Jasini, mwashi wa zamani, aliyekuja kudai deni la nazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mnalala humo?"

Shangazi akamjibu kutoka ndani: "Tunalala, kaka. Tutalala wapi?"

Mzee akainuka, akagonga plasta kwa kifundo cha kidole, hapa na pale, kama mtu anayechagua dafu. Penye pengo ililia ngo, ngo. Akaingia, akautazama mrunda na chandarua kilichofungwa hapo, akachuchumaa akazigusa kabari. Akafunga mlango wa chumba, mlango wa mvule alioutengeneza babu. Ulikwama. "Tangu lini?" akauliza. Shangazi akasema tangu juzi, ni mvua tu, mbao zimevimba. Mzee akanyosha kidole pembeni mwa kizingiti, palipokuwa na ufa mpya, kingo zake bado nyeupe. Chini ya ufa, sakafuni, kulikuwa na kijilima cha vumbi jekundu, kidogo, kama unga wa ungo. Shangazi alikuwa akikifagia kila asubuhi na kila asubuhi kilikuwepo.

Tulipotoka nje alinishika mkono. "Nyumba kongwe ni kama mzee aliyezoea fimbo," alisema. "Hamnyang'anyi fimbo mkamwambia asimame hapo hapo mpaka mmchongee nyingine. Mkalisheni pembeni kwanza. Mwondoe huyu mama leo."

Nilimwambia nitaona. Nilikuwa na basi la kurudi saa kumi.

Baadaye ndugu yangu alinieleza ambalo sikulijua. Kila asubuhi kabari zilikuwa zimelegea, na kila asubuhi shangazi aliuchukua mchi wa kinu akazigonga mpaka zikakaza. Aliona ni kazi ya nyumbani kama kazi nyingine. Kabari inayolegea kila siku maana yake ubao ulio chini unazama, na ubao unazama kwa kuwa ardhi imelainika. Alikuwa na taarifa kamili mkononi, anaigonga kwa mchi.

Kwa nini ardhi ililainika? Mtaro. Vuli ya 2019 haikuwa vuli ya kawaida. Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko desturi, na Afrika Mashariki nzima ikapata mvua ya kupita kiasi tangu Oktoba. Gata hatukuwa tumeweka, upenu tulikwisha kuukata, basi maji yote ya bati yalimwagika ndani ya mtaro ule uliochimbwa mguuni mwa ukuta. Mtaro ukawa birika. Maji yakapita chini ya ukuta yakaingia sakafuni kwa taratibu, na sakafu yetu ni udongo ulioshindiliwa chini ya sentimita chache za saruji. Na ndani ya chumba, kwa ajili ya kuilinda na wezi na mvua, tulipanga ile saruji yenyewe. Mifuko 20, kilo 50 kila mmoja. Tuliweka tani nzima hatua mbili kutoka kwenye mrunda, juu ya ardhi iliyogeuka uji, katika chumba anacholala mtu.

Ulikuwa Mfungo Sita. Watoto walikuwa wamekwenda Duga kwenye maulidi na mama yao, na shangazi alibaki peke yake kulinda. Mvua ilikuwa siku ya tatu bila kukoma. Yeye anasema hakusikia kishindo kwanza. Alisikia chandarua kikimshukia usoni polepole, kama mtu anayemfunika. Kamba ilikuwa imefungwa kwenye mrunda, na mrunda ulikuwa unalala. Akadhani kamba imekatika. Akanyosha mkono kuitafuta gizani, na mkono ule ulionyoshwa ndio uliomfanya ageuke ubavu, na kugeuka kule ndiko kulikokiacha kichwa chake kando. Ukuta wa mbele ulitoka nje, ukaangukia mtaroni, na mtambaapanya ukakosa pa kukaa ukashuka na nusu ya paa. Ulimwangukia mguuni, juu kidogo ya goti.

Waliomtoa ni majirani na madereva. Dereva mmoja, Mkenya aliyekuwa akisubiri geti lifunguliwe, alikimbia na jeki ya lori. Walitaka kuvuta mti kwa mikono, yeye akawakataza, akaweka jeki juu ya mawe ya matumbawe yaliyotoka ukutani, akanyanyua kidogo kidogo, na kila akinyanyua watu wanasukumia mawe mengine chini. Kazi ile aliyoifanya yule bwana usiku wa manane, kwenye matope, akiwa na tochi mdomoni, ndiyo kazi ambayo ilipaswa kufanywa katika chumba kile tangu siku ya kwanza: usinyanyue wala usikate kabla hujaweka cha kubeba, na cha kubeba kikae juu ya kitu kigumu. Shangazi alifikishwa Bombo alfajiri. Paja lilivunjika mahali pawili.

Alikaa kitandani miezi. Mimi nilikuwa nikija kila Jumamosi, na sikuweza kumtazama mguu.

Desemba 25, 2020 alikuwa bado anatembelea magongo, ameketi na redio uani kwa jirani, ilipokuja habari ya Beit al-Ajaib. Jumba lile la Unguja, alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa limeporomoka sehemu kubwa mchana. Shangazi hakuuliza habari ya saa yake wala mizinga. Aliuliza: "Ndani mlikuwa na watu?" Walikuwemo, watu wa kazi, na wawili walifariki.

Nimelifikiria sana jumba lile tangu siku hiyo. Agosti 27, 1896 manowari za Waingereza ziliipiga mizinga kasri iliyokuwa ubavuni mwake, kwa muda usiotimia saa moja, na majengo ya jirani yakawa kifusi. Beit al-Ajaib ilibaki wima, na baadaye ikapewa mnara wa saa mbele. Ilivumilia chumvi ya bahari na mvua za miaka 137. Dalili ilizitoa: kipande cha roshani kilianguka mwaka 2012. Na ilipoanguka sehemu kubwa ya uso wake, ilikuwa wakati wa ukarabati, kwa fedha za Oman, mafundi wakiwa kazini. Mtu anayesikia hivyo huweza kusema basi nyumba kongwe ziachwe zilivyo. Mimi nasema zishikwe, tena kwa haraka, lakini ijulikane kwamba siku mkono wa fundi unapoingia ukutani ndiyo siku nyumba inapokuwa dhaifu kuliko siku zote za maisha yake. Uzani wote wa juu uko pale pale, na njia uliyozoea kushukia imekatwa. Njia mpya bado haijakauka.

Kisha ikaja Kariakoo. Novemba 16, 2024, Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa nne lilianguka na wafanyabiashara na wateja wao ndani. Sauti zilisikika kutoka chini ya zege kwa muda mrefu, waokoaji walifanya kazi siku kadhaa, na waliofariki walipita 20. Taarifa za siku zile zilieleza kwamba chini ya jengo kulikuwa kukichimbwa ili kupata nafasi zaidi ya maduka, huku juu biashara ikiendelea. Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliunda tume kuchunguza majengo ya eneo lile. Nilisoma habari zile nikiwa nimesimama. Kutafuta fremu, msingi unafunguliwa, watu hawaondolewi kwa sababu kuwaondoa ni hasara. Kijiji chetu cha mpakani na soko kubwa kuliko yote nchini tulikuwa tumefanya hesabu moja.

Sitaki nimalizie kwenye kifusi, maana nyumba ya babu imesimama, na namna ilivyosimama ni ya kusimulia.

Nilimfuata mzee wa Jasini mwaka 2021. Hakunikumbusha aliyoyasema. Aliuliza maswali mawili tu: una fedha ya chumba kimoja kamili, mpaka rangi? Na shangazi yako analala wapi? Nilipomwambia fedha ninayo ya nusu, alirudi kwenye kivuli chake. "Rudi ikitimia. Ukuta haufunguliwi kwa ahadi." Nikarudi Januari iliyofuata, kaskazi imekaza na masika iko mbali, fedha ya chumba kimoja mfukoni, shangazi amepangiwa chumba cha jirani kwa miezi mitano na kodi imelipwa mbele. Saruji na mbao zilikaa kwa jirani huyo huyo. Aliyezilinda ni kijana tuliyemlipa.

Mzee kwanza hakugusa kitu. Alichukua chokaa iliyokorogwa kidogo, akaibandika juu ya kila ufa kwenye kuta zilizobaki, bapa nyembamba kama jani la mkwaju, akaandika tarehe kwa penseli. Baada ya wiki mbili akazipitia. Palipokuwa pazima, ukuta umetulia. Mahali pamoja bapa lilikatika katikati, na hapo ndipo alipoanzia. Alisimamisha mirunda minne kwa jozi, akaifunga mbao za mshazari isicheze, na chini ya kila jozi akalaza ubao mpana wa mninga juu ya kokoto zilizoshindiliwa. Hapo ndipo akatoa nguzo moja mbovu. Moja. Akaweka mpya, akaijaza mguu, akasubiri, ndipo akaenda ya pili. Nguzo mpya zilikuwa za mitiki kutoka Muheza, huko liliko shamba la miti la Longuza, kwa sababu boriti za mikoko siku hizi hazikatwi bila kibali cha Wakala wa Misitu, na ni haki. Msingi wa mbele aliuchimba kwa vipande vya mita moja moja. Anachimba, anajaza, anaruka kipande, anachimba mbele, kisha anarudi kwenye alivyoviruka. Ndugu yangu alilalamika kwamba kazi haiendi. Mzee akamwambia ukuta hauendi popote, hiyo ndiyo kazi.

Fremu tulipata moja badala ya mbili, kwa kuwa ukuta wa kati tuliujenga upya, naye alikataa kabisa uguswe tena.

Na chokaa. Alituagizia mawe ya matumbawe yaliyokufa, ya kuchimbwa nchi kavu, akapanga tanuu la magogo kwa namna aliyoijua. Moto wa tanuu hufika joto la kama nyuzi 900, na jiwe linatoka likiwa jepesi, jeupe, lenye njaa ya maji. Ukilimwagia linachemka lenyewe. Watoto aliwafukuza mbali siku hiyo, kwa maana chokaa mbichi inapofua jicho, na hilo nalo ni jambo la kuwahamisha watu. Aliiacha shimoni ikilowa wiki nyingi kabla ya kuichanganya na mchanga. Saruji inashika kwa saa na inahesabiwa imekomaa kwa siku 28. Chokaa inakunywa hewa polepole na kurudi kuwa jiwe kwa miezi, hata miaka, na katika muda huo inaufuata ukuta unavyojongea. Upenu aliurudisha. Mtu mrefu anainama tena.

Mwezi wa sita shangazi akarudi. Jirani aliyempa chumba alimsindikiza hadi barazani, amembebea kile chandarua, kimeshonwa penye matundu. Shangazi hakuketi. Aliingia na fimbo yake, akaenda chumba cha kwanza akafunga mlango, akasikiliza, akaufungua. Akaenda cha pili. Mlango wa mvule wa babu tulikuwa tumeuopoa kifusini na kuurudisha mahali pake, na alipoufikia aliusukuma kwa ncha ya kidole kimoja. Ulikwenda mpaka mwisho, ukagusa kizingiti, ukatulia.